Kuitambua Injini Kuukuu Isiyo na Kibati cha Jina

Injini ya dizeli ya silinda moja niliyoiokoa kwenye yadi ya vyuma chakavu Buguruni haikuwa na kibati, na iliyonisaidia kuitambua ni hesabu ndogo ya vipimo. Fungua silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda), kwangua masizi, kisha pima kipenyo cha silinda kwenye ukingo wa juu kabisa, ambako pete za pistoni hazifiki na chuma hakijalika. Zungusha gurudumu zito polepole upime pia mwendo wa pistoni kutoka juu hadi chini, halafu gawanya kila kipimo cha milimita kwa 25.4 ili ukipate kwa inchi. Ukipata inchi kamili, nusu au robo, huenda injini hiyo ilisanifiwa Uingereza au Marekani. Milimita kamili huelekeza zaidi Japani au bara la Ulaya. Yangu ilitoa milimita 114.3 na 139.7, yaani inchi 4.5 na 5.5, ambavyo ndivyo vipimo vya Lister CS, injini ya Kiingereza ya nguvu farasi 6 inayozunguka mara 650 kwa dakika. Silinda ikiwa imewahi kukerezwa na kupanuliwa, kipenyo hakiaminiki tena, hivyo tegemea mwendo wa pistoni. Vipimo pia havimtaji mtengenezaji, kwa kuwa India imeunda nakala nyingi za Lister hiyo. Ili kumjua mtengenezaji, safisha bloku (mwili wa injini) kwa brashi ya waya, isugue kwa chaki na kuifuta juujuu, ndipo tarakimu zilizogongwa zitasomeka kwa weupe uliobaki ndani. Namba iliyoinuka ni ya kalibu tu, yaani umbo lililomiminiwa chuma. Tafadhali usitumie mashine ya kusagia chuma, maana inafuta alama ambazo hazitarudi.