Jinsi ya Kuweka Kanuni za Kikundi za Mwendo wa Wahusika Mezani

Mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ule ambao kila mchezaji anamwongoza shujaa wake na mwongoza mchezo anasimulia ulimwengu unaomzunguka, ulianza kuuzwa mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, na vitabu vyake vya Kiingereza hadi leo hupima mwendo kwa futi. Kwa mchezaji wa Kigoma aliyefundishwa mita tangu shule ya msingi, kipimo hicho ni mzigo usio na faida, kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kikundi iwe ni kuachana nacho. Mraba mmoja wa ramani ni futi 5, ambazo tunazikadiria kuwa mita moja na nusu, na mhusika wa kawaida huenda futi 30 katika zamu ya sekunde 6, yaani mita 9 au miraba 6. Baada ya hapo, kila kitu kihesabiwe kwa miraba. Daftari la hesabu lenye miraba latosha kwa ramani ndogo. Kwa ramani kubwa, chora kwa chaki juu ya sakafu ya saruji na utumie vizibo vya soda kama kete, kama wafanyavyo wacheza drafti.

Kabla ya kuongeza kanuni yoyote, jiulize kama itamfanya mchezaji aitazame ardhi kabla ya kusogeza kete yake. Ikiwa haifanyi hivyo, iache, hata kama inaonekana kuwa karibu zaidi na uhalisia.

Mwendo wa mshazari, yaani kutoka kona ya mraba hadi kona iliyo mkabala, ndio unaozua mabishano ya mapema. Kanuni ya msingi ya toleo la mwaka 2014 inahesabu kila mraba wa mshazari kuwa mmoja, sawa na mraba wa kwenda mbele. Ni rahisi, lakini mtu yeyote anayekumbuka kanuni ya Pithagorasi ataona kwamba miraba 6 ya mshazari ni karibu mita 13, wakati mhusika ana haki ya mita 9 tu, na hivyo anayekimbia kona kwa kona humwacha mbali anayekimbia moja kwa moja. Napendekeza njia iliyotumika katika toleo la mwaka 2000: mshazari wa kwanza uhesabiwe mmoja, wa pili mbili, wa tatu mmoja, wa nne mbili. Miraba 6 inatoa mishazari minne, ambayo kwa vipimo halisi ni mita nane na nusu hivi, na hakuna anayehitaji kikokotoo.

Kuhusu ardhi ngumu, kanuni rasmi inataka kila mraba ulipiwe mara mbili, yaani uhesabiwe kama miraba miwili ya mwendo, na hata vizuizi viwili vikikutana mahali pamoja, malipo hayaongezeki. Uamuzi huo wa kutorundika vizuizi ni mzuri na ubaki. Hata hivyo, daraja moja la ugumu halitoshi kwa ulimwengu unaofanana na mkoa wetu, ambamo mchanga wa ufukweni, mteremko wenye mawe na matete ya bonde la Malagarasi havimchoshi mtu kwa kiasi kimoja. Tumia madaraja matatu: njia iliyokanyagwa hulipiwa mraba mmoja, mchanga na mteremko miwili, tope la kinamasi mitatu. Mwongoza mchezo atangaze daraja la kila eneo wakati anapochora ramani, si wakati kete imekwisha kuingia humo, kwa sababu mchezaji asiyejua gharama ya njia hana uamuzi wowote wa kufanya.

Uzito wa mizigo unastahili uangalifu zaidi kuliko unavyopewa na vikundi vingi. Kila mhusika ana alama za nguvu, yaani namba inayoonyesha ana nguvu kiasi gani, na kitabu kinamruhusu abebe ratili 15 (karibu kilo 7) kwa kila alama, hesabu ambayo karibu kila mtu huiacha baada ya muda mfupi, na matokeo yake ni mashujaa wanaotembea na ngazi, kamba, ngao tatu na gunia la dhahabu bila kupungukiwa hata hatua moja. Badala ya ratili, tumia frasila, ambayo ni takriban kilo 16. Wapagazi wa Kinyamwezi waliosafirisha pembe za ndovu na shehena za nguo kupitia Ujiji, Tabora na Bagamoyo katika karne ya 19 walibeba karibu frasila mbili kila mmoja, na kipimo hicho kinafaa mchezo huu kuliko kile cha kitabuni. Mhusika anayebeba hadi frasila moja hapungukiwi kitu. Akizidi hapo mpaka frasila mbili, anapoteza miraba miwili ya mwendo. Akifika ya tatu, anapoteza minne, na zaidi ya hapo habebi. Mwenye nguvu za alama 16 au zaidi aongezewe frasila moja katika kila kiwango cha mzigo kilichotajwa hapo. Silaha na mavazi ya vita vihesabiwe kwa makadirio ya nusu frasila, kwa maana kupima kila kisu ni kuurudisha ugumu tulioukimbia.

Uhai wa kanuni hii umo katika kutua na kujitwika. Kutua mzigo kugharimu mraba mmoja. Kujitwika peke yako kugharimu mitatu, lakini mwenzako akiwa kando na akakutwika, kila mmoja alipe mmoja tu. Wavamizi wanapotokea vichakani, kikundi kizima hulazimika kuamua nani atue, nani akimbie na mzigo wake, na nani abaki kumtwika mwenzake, na naona uamuzi huo una msisimko kuliko dadu nyingi za mapigano.

Kuruka kunahitaji sentensi chache. Gawanya alama za nguvu kwa tano, nawe utapata idadi ya miraba ambayo mhusika ataruka baada ya kukimbia miraba miwili. Akiruka akiwa amesimama, apate nusu yake. Kupanda ukuta na kuogelea kulipiwe miraba miwili kwa kila mraba mmoja. Kuinuka baada ya kuangushwa kugharimu nusu ya mwendo wote, kama ilivyo kitabuni.

Kwa safari ndefu, weka ramani ndogo kando na uhesabu kwa siku. Mwendo wa kawaida wa kitabu ni maili 24 kwa siku, yaani kilomita 38 na ushei, kasi ambayo misafara ya wapagazi haikuweza kuidumisha. Ruhusu kilomita 24 kwa siku kwenye njia nzuri, 16 kwenye milima au wakati wa masika, na 8 kwenye kinamasi. Kwa kipimo hicho, safari yenye urefu wa reli kati ya Tabora na Kigoma, kilomita zipatazo 400, itachukua siku 17 za njia nzuri, na chakula cha siku hizo ni mzigo unaoingia kwenye hesabu ya frasila.

Mtumbwi usichukuliwe kuwa mhusika anayeogelea. Kila mwenye kafi auongezee miraba miwili kwa zamu, hadi kufikia miraba 8, naye asishambulie katika zamu anayopiga kafi. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, pepo za kutoka kusini-mashariki huvuma juu ya Ziwa Tanganyika; ukiiga hali hiyo katika ziwa lako la kubuni, mtumbwi unaoelekea kusini upunguziwe miraba miwili, na unaokwenda kaskazini uongezewe mmoja. Kushuka ufukweni kumgharimu kila mhusika miraba miwili, na aliyebeba mzigo alipe mitatu, isipokuwa kama mwenzake aliyeko nchi kavu ataupokea.