Somo: Kumwandaa mbwa kwa rali ya utii (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila wiki naletewa swali hilihili kwa ujumbe wa faragha, "namwandaaje mbwa wangu kwa rali?", na kila wiki naandika jibu lilelile. Sasa naliweka hapa mara moja, kila anayetaka kumleta mbwa wake darasani aanzie hapa.

Tuelewane kwanza. Rali hii haina uhusiano na ile ya magari ya Pearl of Africa hapa Uganda. Ni njia iliyopangwa vibao vyenye namba, na kila kibao kina zoezi lake: kaa, lala, geuka kulia, zunguka duara kamili, tembea polepole, pita zigizaga kati ya koni. Jaji anakuuliza kama uko tayari, anakuruhusu uanze, kisha ananyamaza. Kuanzia hapo ni wewe na mbwa wako hadi kibao cha mwisho. Mchezo ulibuniwa Marekani na Charles "Bud" Kramer, na American Kennel Club, chama cha mbwa cha Marekani, wakaanza kuutolea vyeo rasmi mwaka 2005. Mimi nafuata sheria zao. Ngazi ya kwanza ina vibao 10 hadi 15 na mbwa yuko kwenye kamba. Unaanza na alama 100, makosa yanakatwa, ukibaki na 70 umefuzu. Kuongea na mbwa na kumsifu njia nzima ni ruksa. Kumvuta kwa kamba au kumsukuma kwa mkono ni marufuku, na chakula hakiingii uwanjani. Hayo mawili ya mwisho yashikeni, kwa sababu ndiyo yanayoamua jinsi ya kufundisha tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 1. Chanjo ya kichaa cha mbwa. Asiyechanjwa haji darasani.

Hatua ya 2. Kola pana ya kawaida na kamba ya mita moja na nusu hadi mbili. Mnyororo uache nyumbani.

Hatua ya 3. Mtoe bandani mapema. Mbwa wetu wengi hufungiwa mchana kutwa, wakafunguliwa usiku walinde. Ukimtoa na kumpeleka moja kwa moja kwenye mazoezi, hakusikii. Ana masaa kumi ya kunusa na kukimbia yaliyomjaa. Mpe muda anuse, akojoe, azunguke, ndipo muanze. Fanyeni kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Weka kiganja chako juu ya lami. Kama huwezi kukiacha hapo, na nyayo zake haziwezi.

Hatua ya 4. Kaa, lala, subiri. Dakika tano, mara mbili kwa siku.

Hatua ya 5. Kutembea kando. Mbwa yuko kushoto kwako, bega lake usawa wa goti lako, kamba imelegea. Kamba ikikaza, simama. Ikilegea, endelea. Uwanjani kila mkazo wa kamba unakugharimu alama.

Hatua ya 6. Kuondoa chakula mkononi. Hapa ndipo mbwa wengi wanapoharibika, na wangu wa kwanza aliharibikia hapahapa. Mwanzoni kila mtu hutumia kipande cha maini: unakipandisha, pua inafuata, kichwa kinainuka, makalio yanashuka, amekaa. Ni sawa. Ila ukiendelea hivyo siku nyingi, hajifunzi kukaa, anajifunza kufuata kipande. Siku mkono ni mtupu anaunusa kidole kimoja kimoja, halafu anakutazama. Kibaya zaidi ni kavera, yaani mfuko wa plastiki. Ukiweka maini kwenye kavera mfukoni, mbwa anasikia chakarachakara kabla hujafungua mdomo, na kumbe anakaa kwa ajili ya kavera. Uwanjani hakuna kavera. Mbwa uliyemwita hodari nyumbani anasimama kwenye kibao cha tatu akichungulia mfuko wako, nawe huruhusiwi hata kumgusa.

Fanya hivi. Mwongoze kwa maini mara mbili tatu tu. Inayofuata, mkono uleule na mwendo uleule, lakini mtupu. Akikaa sema "Hapo!" palepale, ndipo umpe kutoka kwenye kibati kilicho juu ya kiti. Neno litangulie, mkono ufuate. Mkono ukienda kwenye chakula kabla ya neno, zoezi hilo halihesabiki. Akishaelewa, mlipe baada ya vibao viwili, kisha kimoja, kisha vinne, asiweze kubashiri. Mwishowe kibati kikae nje ya uwanja, mmalize njia nzima na mkikimbilie pamoja.

ONYO: Usimshindishe njaa ili "afanye bidii". Mwenye njaa haoni kibao, anaona kibati.

ONYO: Akikataa, usimwonyeshe chakula ili akubali. Utamfundisha kwamba kukataa ndiko kunakoleta maini. Sogea, mpe zoezi jepesi analoliweza, mlipe kwa hilo.

ONYO: Ukiondoa chakula, usiweke kamba mahali pake. Nawaona wengi: kibati kimetoka, mkono wa kushoto umeanza kuvuta.

Hatua ya 7. Vibao. Kata boksi, andika kwa maka, simamisha kwenye jerikeni ya lita tano yenye mchanga. Vinakaa kulia kwako, isipokuwa vya kubadili mwelekeo ambavyo vinakuwa mbele yako. Anza na vitatu, si kumi na tano.

Hatua ya 8. Tembea njia peke yako, bila mbwa. Kwenye mashindano mnapewa muda huo. Soma kila kibao, jua utageukia wapi na kwa mguu gani. Ukisita kusoma, mbwa anakaa bila kuambiwa au anakupita.

MASWALI

boda_ntinda: Kaka mbwa wangu hakai kabisa nifanyeje

Jibu: Umri gani? Umefika hatua ya ngapi? Chakula kiko wapi unapomwambia akae?

boda_ntinda: Kiko mfukoni kwenye kavera

Jibu: Hatua ya 6. Yote.

mzee_wa_entebbe: Mimi nimefuga mbwa tangu ujana wangu. Kola ya miiba inamaliza kazi kwa wiki moja. Haya ya maini ni kumdekeza.

Jibu: Mzee wangu, nakuheshimu, lakini kola hiyo haiingii darasani kwangu. Rali inataka mbwa anayetembea kwa kamba iliyolegea, na kola ya miiba inafanya kazi kamba ikikaza. Mlete nikuonyeshe.

mama_wa_arua: Nina jike la kienyeji nililolitoa sokoni. Akisikia boda anajikunja na mkia unaingia kati ya miguu. Nyumbani hatua ya 1 hadi 5 tumemaliza. Nimsubirie apone woga au nimlete?

Jibu: Dada, hongera kwa kazi hiyo. Wa kienyeji anaweza rali sawa na German Shepherd, mradi asilazimishwe. Kaa naye mbali na barabara, mahali anaposikia boda lakini bado anakula. Huo ndio mpaka wenu wa leo. Boda inapita, "Hapo!", kipande. Anapokataa kula, mmekaribia mno, rudini nyuma. Sogeeni hatua chache tu anapokuwa ametulia kabisa. Mlete darasani, ila mje mapema muwe wa kwanza na mkae pembeni. Rali inamfaa mbwa mwoga kwa sababu unaruhusiwa kuongea naye muda wote. Akishindwa kibao, unaweza kukirudia kwa gharama ya alama tatu tu.

mteja256: Unauza aliyekwisha fundishwa? Bei?

Jibu: Siuzi.

wa_jinja: Watoto wanamwambia "tuula", mimi "kaa", mke wangu "sit". Inamchanganya?

Jibu: Ndiyo. Luganda, Kiswahili, Kiingereza, chochote, lakini nyumba nzima neno moja. Kama watoto ndio wanaokaa naye zaidi, fuateni lao. Jaji hajali lugha.

mama_wa_arua: Maini yananiozea. Mnayahifadhi vipi?

Jibu: Chemsha, kata vipande vya ukubwa wa punje ya haragwe, kausha kwenye oveni au juu ya mkaa uliopungua moto. Bila chumvi wala kitunguu, kitunguu ni sumu kwa mbwa.

wa_jinja: Sisi tunatumia mukene (dagaa) mkavu. Bei nafuu na wangu anaacha hata posho (ugali) yake.

Jibu: Mukene ni mzuri, ila pepeta mchanga kwanza, na vunja mmoja vipande vitatu.

boda_ntinda: Nimerudi. Nimeweka maini kwenye kibati juu ya ukuta. Amekaa mara nne mkono mtupu. Ya tano akaenda kukaa chini ya ukuta.

Jibu: Vizuri sana, ndugu yangu, mbwa wako ana akili. Hamisha kibati kila baada ya zoezi: ukutani, dirishani, nyuma ya jerikeni. Asijue kiko wapi, ajue tu wewe uko wapi. Leo ishia hapo, kesho ongeza "lala".

mama_wa_arua: Na kupe? Kila tukitoka uwanjani anarudi nao masikioni.

Jibu: Kagua masikio, kwapa na kati ya vidole kila mkirudi. Mshike kupe karibu na ngozi kwa kibano, mvute taratibu bila kumpasua. Usimmwagie parafini. Dawa ya kupe muulize daktari wa mifugo kwa uzito wa mbwa wako. Ile ya kuoshea ng'ombe usiikadirie kwa macho.