SOMO: Kuku mgeni na kamba mguuni (jinsi ya kuingiza kuku wapya kwa wenyeji bila vita wala msiba)

Habarini wanangu, na wale wa rika langu hamjambo. Wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu kilio ni kimoja, mama nimenunua matetea wanne nimewaingiza bandani wanapigwa mpaka damu, nifanyeje. Nikaona badala ya kurudia rudia niandike mara moja hapa, kesho keshokutwa akiuliza mwingine mtamwelekeza wenyewe.

Wazee wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Na ni kweli, mimi nimekulia kwa bibi Handeni, kuku akiletwa pale nyumbani anafungwa kigingini chini ya mwembe siku tatu nne ndo anaachiwa. Kwa bibi ile kamba ilikuwa na kazi, kuku walikuwa wanazurura, ukimwachia mgeni siku ya kwanza anarudi alikotoka au anaishia kwenye sufuria ya mtu. Lakini wewe una banda uani na ukuta juu, ukimfunga kamba kuku mgeni mbele ya wenyeji umewashikia ili wampige vizuri. Kuku anayeshindwa kazi yake ni kukimbia, sasa huyu atakimbilia wapi?

Ila nianze na jambo ambalo hao watatu hakuna hata mmoja aliyeniuliza, ugonjwa. Wote wanalia na kudonoana. Kudonoana kunaumiza kuku mmoja, mdondo (ule ugonjwa wa virusi wengine wanauita kideri) unamaliza banda. Mimi nilikuwa na kuku 17 wazuri wameanza kutaga, nikaenda mnadani nikapenda matetea wanne wenye madoa, muuzaji akaniapia wamechanjwa, jioni ile ile nikawaingiza na wenzao. Siku ya sita mmoja akashusha mabawa na kinyesi kikawa cha kijani kama mchicha uliopondwa, siku ya nane nikakuta jogoo wangu amepinda shingo anaangalia juu. Nilibaki na kuku wanne kati ya 21. Tangu hapo siamini kiapo cha muuzaji kuku, hata akiwa shemeji yangu.

HATUA YA 1: KUNUNUA

Nunua wawili au zaidi kwa pamoja, mmoja peke yake ndo anakuwa ngoma ya kila mtu. Chagua wanaokaribiana umbo na wa kwako. Kabla hujatoa hela mshike mkononi, angalia macho yasiwe na povu, pua isitoe ute, nyuma manyoya yasiwe yamegandana na kinyesi. Pembeni ya macho na kwenye upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, ukiona vitu vyeusi vimeganda kama umemwagiwa ulezi, hao ni viroboto, sio uchafu. Miguuni magamba yakiwa yameinuka inuka ni utitiri. Viroboto na utitiri vinatibika, kwa hiyo sio lazima umwache, ila shusha bei. Mwenye povu machoni mwache hata akipewa bure.

HATUA YA 2: KUWATENGA

Hapa ndo watu wote wanaruka. Wageni wakae peke yao wiki tatu, mimi nakaa nne. Virusi vya mdondo vinaweza kukaa mwilini siku 2 mpaka 15 kabla kuku hajaonyesha chochote, kwa hiyo kuku mzima wa leo sio ushahidi.

Watenge mbali na banda, sio nyuma ya wavu, mbali kabisa, mimi natumia jiko la nje la zamani. Vyombo vyao vya maji na chakula viwe vyao. Asubuhi hudumia wenyeji kwanza ndo uende kwa wageni, ukishatoka kwa wageni usirudi kwa wenyeji na ndala zile zile, mimi nina ndala nyekundu zinazokaa mlangoni pa jiko na mjukuu anajua akizivaa kuendea bandani atasikia sauti yangu mpaka kwa jirani.

Siku mbili tatu za mwanzo wape maji safi na utulivu tu, wametoka kwenye tenga na jua. Wakishachangamka wape dawa ya minyoo, wapake dawa ya viroboto, na uwachanje mdondo, tone moja la jicho kwa kila kuku mkubwa kwa mdogo. Hii chanjo ya tone inayotengenezwa hapa kwetu Tanzania, ya I-2, inavumilia joto kuliko zile za zamani ila isikuponze ukaiweka dirishani juani, ibebe kwenye kitambaa chenye maji na uimalize siku hiyo hiyo uliyoifungua. Chupa ina dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo shirikiana na majirani, na wenyeji wako nao kama wamepitisha miezi mitatu wachanje hapo hapo. Kinga inahitaji kama wiki mbili kujengeka. Na kuku aliyekuja na ugonjwa tayari chanjo haimwokoi, ndo maana ya kusubiri.

Usiku nenda kawasikilize. Zima taa, simama kimya. Kuku mwenye mafua utamsikia anakoroma kabla hujamwona.

HATUA YA 3: WAVU

Wiki nne zimeisha wako wazima, sasa wasogeze karibu. Gawa banda au uwa kwa wavu, waonane wasiguse, siku saba mpaka kumi. Ujanja ni kuweka chombo cha chakula upande huu na kingine upande ule vikitazamana kwenye wavu, wanakula wanaangaliana. Siku za mwanzo utaona wenyeji wanajimwaga kwenye wavu na manyoya ya shingo yamesimama, kufikia siku ya tano wanachoka, wanakula.

HATUA YA 4: KUWAACHIA

Watu wengi watakwambia waingize usiku, uwapandishe kwenye fito wenzao wamelala, asubuhi watadhani walikuwa wote. Kuku haoni vizuri gizani hilo ni kweli, na usiku hawatapigana. Lakini mwanangu, kuku anamjua mwenzie kwa sura, saa 12 asubuhi wakiamka wanashangaana na wewe bado umelala, ukifungua saa moja unakuta kichwa kimechunwa. Mimi nawaachia saa 10 jioni, siku ambayo nipo nyumbani, na nawaachia nje uani sio ndani ya banda. Wanapata saa mbili za kujuana nami nimekaa pale na kiti changu nachambua mchele, giza likiingia linaamua ugomvi lenyewe.

Kabla ya hapo vuruga mazingira kidogo. Hamisha fito, geuza viota, ongeza vyombo viwe viwili vya chakula na viwili vya maji mbali mbali, maana mbabe mmoja analinda chombo kimoja tu, cha pili hakiwezi. Egemeza ubao ukutani na tupa matawi, mgeni apate pa kujificha ila pawe na njia mbili za kutokea, kona yenye njia moja ni kaburi. Alafu funga fungu la mchicha kwa kamba uning'inize usawa wa vichwa vyao. Kamba hii sasa ndo ina faida.

HATUA YA 5: KUKAA NA KUANGALIA

Nawaeleza ya mara ya mwisho ili mjue kipi cha kawaida. Nina kuku mmoja chotara wa kijivu tunamwita Bi Mkubwa, kidole kimoja hana. Nilipofungua wavu wale wageni watatu hawakutoka, walichungulia. Bi Mkubwa akaja polepole, akasimama karibu kabisa, akainua shingo juu. Mgeni wa mbele naye akainua. Wakatazamana hivyo kama sekunde kumi hivi, mara Bi Mkubwa akamdonoa utosini mara moja, tap, yule mgeni akainamisha kichwa, akajikunyata, akaenda pembeni. Basi. Hakuna aliyemfuata. Wa pili hakungoja hata kudonolewa, aliinama mwenyewe. Wa tatu alikuwa mkaidi, walirushiana miguu mara tatu, manyoya mawili yakaruka, akashindwa, wakaendelea na mchicha.

Mambo kama hayo waache, usiingilie, ukiwatenganisha leo watayaanza upya kesho. Ngazi lazima ipangwe, nani anakula kwanza nani analala fito ya juu, inachukua wiki moja mpaka mbili hivi. Ingilia ukiona damu, au kuku mmoja anakimbizwa na kundi zima, au mgeni haendi kwenye maji kabisa siku nzima. Damu usiiache hata dakika tano, kuku wakiona jekundu wote wanakuja kuonja. Mtoe, msafishe, mpulizie ile spreyi ya bluu ya vidonda, arudi kidonda kikishakauka.

Na kama mpigaji ni mmoja, mtoe MPIGAJI, usitoe anayepigwa. Mfungie kule jikoni siku tatu nne. Akirudi anakuta ngazi imepangwa bila yeye, anarudi kama mgeni. Bi Mkubwa nimeshamfanyia mara mbili.

MASWALI

Swali: Shikamoo mama. Mimi nimepanga chumba na kibanda kidogo, sina sehemu ya kutenga wiki nne. Nifanyeje?
Jibu: Marahaba mwanangu. Ombea kwa jirani asiye na kuku hata awe mtaa wa pili, mpe mayai akukubalie. Ikishindikana usinunue kuku wakubwa, nunua mayai yenye mbegu kwa mfugaji unayemjua umwekee kuku wako anayeatamia, mgeni anazaliwa nyumbani na mama yake ndo mlinzi. Ila homa ya matumbo ya kuku inaweza kupita kwenye yai, ndo maana nasema mfugaji unayemjua, sio mayai ya barabarani.

Swali: Mama, mama mkwe kaniletea kuku mmoja zawadi, siwezi kumchinja na siwezi kumrudisha.
Jibu: Hahaha huyo lazima aishi mwanangu, siku mkweo akija ataulizia. Mtenge kwanza kama nilivyosema. Alafu chukua tetea wako mpole kuliko wote mweke naye pale wiki moja, wakizoeana ingiza wote wawili pamoja. Atakuwa na shoga tayari.

Swali: Vifaranga wangu wana miezi miwili, naweza kuwachanganya na wanaotaga?
Jibu: Bado, wataumizwa. Subiri wakaribie umbo la wakubwa, miezi minne hivi. Na kuna la chakula, kile cha kutagia kina chokaa nyingi kinaumiza figo za wadogo ambao hawajaanza kutaga. Ukichanganya wape wote chakula cha kukuzia alafu chokaa au makombe yaliyosagwa weka kwenye chombo chake pembeni, anayetaga atakula mwenyewe.

Swali: Nina jogoo na nataka kuleta jogoo la pili la kuchi nipate mbegu kubwa.
Jibu: Una matetea wangapi? Jogoo mmoja anatosha 8 mpaka 10. Majogoo wawili wakubwa hawajuani kwenye uwa mdogo watapigana mpaka mmoja afe au awe kipofu, na kuchi ndo usiseme, yule kazaliwa na ngumi. Ukitaka mbegu yake muuze au mle jogoo wa zamani kwanza, au mjengee kuchi banda lake uwe unampelekea matetea.

Swali: Hujambo mama, mimi niko Malindi. Nilifuata kama hivi na hakuna vita, lakini wale wapya walikuwa wanataga sasa wameacha. Nimedanganywa?
Jibu: Sijambo mwanangu. Hujadanganywa, kuhama kunasimamisha mayai wiki mbili mpaka tatu hata kwa kuku mzuri. Maji yasikauke na viota viwe vya kutosha, kimoja kwa kuku wanne watano. Na chungulia nyuma ya ubao wa kujifichia, mara nyingi wanataga huko kwa kuogopa wenyeji.

Swali: Mama heshima yako, ila mimi naingiza usiku moja kwa moja miaka yote na sijawahi kupata shida, hii ya wiki nne ni kupoteza muda.
Jibu: Asante baba. Hata mimi sikuwahi kupata shida mpaka wale wanne wenye madoa.

Swali: Banda langu ni mita 2 kwa 3, ninao 26, nataka kuongeza 10.
Jibu: Hiyo ni mita 6 za mraba, kuku wa kienyeji wanne watano kila mita, umeshajaa. Hapo hata ufuate hatua zote watadonoana sababu ya kubanana. Ongeza banda au uza wa zamani kwanza.

Swali: Mama nina wiki ya pili tangu niwachanganye, mgeni mmoja ana vidonda vyeusi vya kukauka kwenye upanga na karibu na jicho, nimempulizia spreyi ya bluu havipungui, leo na mwenyeji mmoja kapata. Hawa wanadonoana usiku?
Jibu: Kidonda cha kudonolewa mara nyingi kinakuwa utosini au kisogoni na kinakuwa kibichi. Vinundu vikavu vyeusi kwenye upanga na macho kwa wawili kwa mpigo hiyo ni ndui mwanangu, inasambazwa na mbu na kwenye vidonda. Mwite mtaalamu wa mifugo awachanje ambao bado hawana dalili, ile ya kuchoma kwenye bawa. Wenye vinundu watenge, usivibandue, wasafishe macho waone chakula. Kama ile sehemu ya wageni hujaibomoa warudishe huko leo leo, na usiuze wala kugawa kuku yeyote mpaka iishe.