Kabla hujagusa BIOS ya mazabodi yako

Kompyuta ikiwaka vizuri, isipoganda, na kama hujabadilisha kifaa chochote, usisasishe BIOS, ile programu ndogo ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta. "Toleo jipya limetoka" si sababu. Sababu za kusasisha ni hizi: unafunga prosesa mpya kuliko bodi, mfano AMD Ryzen 5000 kwenye bodi ya B450 iliyokaa dukani miaka, au mtengenezaji ametangaza kuziba tundu la usalama, au una prosesa ya Intel Core i7 au i9 ya mezani ya kizazi cha 13 au 14, na hapo usichelewe. Marekebisho ya volteji ambayo Intel ilianza kuyatoa Agosti 2024 huja ndani ya BIOS, na prosesa iliyokwisha kuharibika hayaiponyi.

Soma jina la bodi kwenye bodi yenyewe, pamoja na namba ya rev, yaani toleo la bodi. Jina moja lenye rev tofauti linaweza kuwa na faili tofauti. Toleo la BIOS ulilonalo utaliona kwa kuandika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows. Kisha soma maelezo ya matoleo yote ya katikati: mengine hulazimisha kupitia toleo fulani kwanza, mengine huondoa prosesa za zamani kwa kuwa chipu ya BIOS ya MB 16 haizitoshi zote.

Flashi ya kuwekea faili la BIOS ifomatiwe FAT32. Fanyia kazi ndani ya menyu ya BIOS, si kwa programu ya Windows. Weka UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, na kwa wenye umeme wa LUKU, angalia yuniti kabla ya kuanza.

Piga picha za mipangilio kwa simu, kurasa zote, maana inaweza kurudi ya kiwandani. XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, ikizimika utapoteza kasi tu. Lakini diski zilizokuwa kwenye mpangilio wa RAID zikirudi AHCI, mpangilio mwingine wa kusoma diski, Windows haiwaki.

Sasa linaloliza watu wengi: BitLocker, mfumo wa Windows wa kufunga diski kwa ufunguo. Kompyuta nyingi za Windows 11 zimefungwa diski bila mwenyewe kujua, kwa sababu usimbaji hujiwasha mara tu mtu anapoingia na akaunti ya Microsoft. Ukisasisha BIOS, TPM, sehemu ya usalama inayotunza ufunguo, inaweza kuona mashine imebadilika na kukataa kuutoa. Unawasha, unakuta skrini ya bluu inadai tarakimu 48. Paswedi yako haisaidii, PIN haisaidii, na kuhamishia diski kwenye mashine nyingine hakusaidii. Kwa kawaida ufunguo hukaa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku Windows ilipowekwa. Kama aliyeiweka ni fundi au muuzaji na alitumia akaunti yake, ufunguo uko kwake, na huenda hata yeye ameshasahau akaunti ipi. Hesabu za duka, picha za harusi, tasnifu, vyote viko humo na havifunguki.

Kwa hiyo fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status. Ukiona diski imesimbwa (Encrypted), andika manage-bde -protectors -get C: na unakili tarakimu zote kwenye karatasi, si kwenye kompyuta hiyohiyo. Kisha sitisha ulinzi: manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0. Hiyo sifuri ni muhimu, kwa sababu bila yake ulinzi hurudi baada ya kuwasha mara moja, na BIOS inaweza kujizima na kujiwasha zaidi ya mara moja. Ukimaliza, badilisha disable iwe enable na uondoe -RebootCount 0.

Baada ya kusasisha, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa, hasa kwenye bodi zinazotumia RAM ya DDR5, ambazo huipima upya. Feni zinazunguka, hakuna picha. Usichomoe waya. Haraka hapo inaweza kukugharimu bodi.

Na kabla ya yote, angalia kama bodi yako ina kitufe cha kurudisha BIOS kwa flashi bila prosesa. Kama haina na mambo yakaharibika, itabidi fundi aiandike chipu kwa mashine ya nje. Mwambie asome kwanza namba ya chipu: ziko za volti 1.8, na ukizipa 3.3 unaziunguza.