Chati ya udhibiti kwa shafti zinazokerezwa

Chati ya udhibiti ni mchoro wa nukta na mipaka, unaoonyesha kama mashine inakwenda sawa. Anza na maikromita, kifaa cha kupimia kipenyo cha shafti, si chati. Futa taya zake, kisha ihakiki kwa kipimo sanifu. Ikisoma vibaya, kila utakachochora ni uongo.

Kila saa chukua shafti 5 zilizotoka mfululizo mashineni. Usiokote kwenye rundo: za asubuhi zikichanganyika na za jioni, mtawanyiko hutanuka na chati haikuonyi lolote. Andika wastani wa hizo 5 na masafa, yaani kubwa kabisa kutoa ndogo kabisa. Ukifikisha mafungu 25, tafuta wastani wa wastani zote na wastani wa masafa.

Tuseme umepata milimita 20.010 na 0.020. Zidisha 0.020 kwa 0.577 (namba hii ni ya mafungu ya 5 tu), upate 0.012 hivi. Iongeze kwenye 20.010, kisha itoe: mipaka ya wastani ni 20.022 na 19.998. Mpaka wa juu wa masafa ni 0.020 mara 2.114, yaani 0.042, wa chini ni sifuri.

Kosa linaloudhi kuliko yote ni kuchora humu vipimo vya mteja. Vile vinasema anachotaka. Mipaka hii inasema mashine inafanya nini.

Nukta, yaani wastani au masafa ya fungu moja, ikitoka nje ya mipaka, simamisha kazi utafute chanzo. Nukta 7 zikipanda mfululizo, hata kama zimo ndani, mara nyingi kisu kimelika, ndiyo maana kipenyo kinanenepa. Badilisha kisu, andika saa kando ya nukta. Nukta moja ikiyumba ndani ya mipaka, usiguse mashine. Marekebisho yasiyo na sababu huongeza mtawanyiko.