Debris: namna ya kuliandika kwenye ripoti bila kuchekwa

Kwa wale mnaoandika ripoti za Kiingereza huku Mbeya, iwe ya ajali, ya ujenzi ama ya mvua, hili neno debris linasumbua kuanzia kwenye kulitamka. Wengi wanasema "debrisi" na ile s inasikika hadi stendi. Haitamkwi. Neno lilitoka Kifaransa likaja na tabia zake, Waingereza wanakaza mwanzo, DEbri, Wamarekani wanakaza mwisho, deBRI, chagua moja uende nayo.

Maana yake ni vipande na mabaki yaliyotapakaa baada ya kitu kuvunjika, kubomoka au kusombwa. Hapo kwenye kutapakaa ndo pa kushika. Chukulia roli la viazi limelala Kitonga: vioo vilivyomwagika kwenye lami, vipande vya taa, mbao zilizochanika za bodi, hiyo ndo debris. Viazi kama bado vizima ni mzigo, andika cargo, na kama majirani washafika na ndoo hiyo ni ripoti nyingine aisee. Lile roli lenyewe lililopondeka, kichwa na chesisi, ni wreckage. Ndo maana ile ndege MH370 ya Malaysia iliyopotea 2014, kipande cha bawa kilichookotwa Pemba 2016 kikathibitishwa ni chake kinaitwa debris, ila wreckage ya ndege mpaka leo haijaonekana.

Nyumba ikianguka kuna rubble, yaani matofali, mawe na zege, kifusi kile fundi anachokijua. Debris ni pana zaidi, inabeba na mabati, milango, godoro, miti. Ile Aprili 2024 mlima Kawetere ulipoporomoka pale Itezi ukafukia nyumba, ukiandika rubble peke yake unakuwa umeacha tope lote na miti iliyoshuka nalo, bora debris.

Sasa sarufi, hapa ndo watu wanaanguka. Haina wingi. Debrises hakuna, a debris hakuna, many debris hakuna. Andika The debris was removed hata kama zimebebwa tripu za fuso kutwa nzima. Kwetu mabaki yako kwenye wingi ndo maana mkono unateleza kuandika were, uzuie. Ukitaka kuhesabu sema pieces of debris, ukitaka kuonyesha ni nyingi sema a lot of debris, imeisha.

Takataka za kawaida zisiingie humu. Chupa na mifuko iliyotupwa Mwanjelwa ni litter au rubbish, ila mvua ikizisomba na matawi na mchanga mpaka mtaro ukaziba, hapo The drain was blocked by debris iko sawa kabisa. Mabua yaliyobaki shambani baada ya kuvuna nayo wataalamu wa kilimo wanayaita crop debris, japo mi naona crop residue imezoeleka zaidi.

Na nyie wa hospitali, uchafu ndani ya kidonda ni debris sawa, lakini debridement, ile kazi ya kutoa nyama iliyokufa, msiifanye ndugu yake. Hilo nalo ni la Kifaransa ila mzizi wake mwingine kabisa, wa kumvua farasi hatamu.