Kabla hujalipia fomu ya MBA, panda daladala Jumanne jioni

Fanya hivi kwanza. Chagua siku ya kazi, ikiwezekana ya mwisho wa mwezi au yenye manyunyu, toka ofisini saa uliyozoea kutoka, nenda mpaka getini kwa chuo unachokitamani, halafu angalia saa. Usiende Jumamosi asubuhi. Barabara za Dar Jumamosi zinadanganya.

Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, ofisi yetu iko Kurasini. Nilipoanza kuwaambia watu nataka kusoma MBA, ile shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, kila mtu alinitajia Mlimani, Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sikuwa na la kubisha. Biashara inafundishwa pale tangu 1979, na nusu ya mabosi ninaowafahamu wamepita hapo. Basi Jumanne moja nikatoka saa kumi na nusu, nikashika Barabara ya Mandela: Uhasibu, Tazara, Buguruni, Tabata, mbele yangu malori ya kontena, mengine nimeyatolea kibali mwenyewe asubuhi ile. Ubungo wakati huo bado hakuna daraja la juu. Nilifika Mlimani saa moja kasoro dakika kumi, viatu mkononi, vipindi vya jioni vimeshakolea. Nikanunua maji, nikageuza.

Ningekuwa nakaa Sinza au Survey ningesoma pale bila kufikiri mara mbili. Siku hizi daraja la juu la Kijazi pale Ubungo lipo na hesabu imebadilika, kwa hiyo usichukue dakika zangu. Kapime zako. MBA ya jioni ni kama miezi kumi na minane ya vipindi kabla hujagusa utafiti, na ukichelewa nusu saa kila siku utamaliza kozi ya uhasibu wa menejimenti hujui mwanzo wake.

Kabla ya hapo kuna swali ambalo mimi nililiruka: je, unachokitafuta ni MBA kweli? Cheti cha EACFFPC, kile cha mawakala wa forodha wa Afrika Mashariki, kilishanipa nyongeza ya mshahara bila mimi kusoma nadharia yoyote ya uongozi. Mhasibu asiye na CPA, cheti cha taaluma cha bodi ya wahasibu NBAA, huenda akaona CPA inamfungulia milango mingi kuliko masters. Mtu wa ugavi ana mitihani ya PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. MBA inamfaa zaidi yule ambaye kazi yake imeshamtoa kwenye ufundi ikamtupa kwenye watu na pesa: umepewa tawi, umepewa bajeti, na hujui kusoma mizania ya kampuni unayoiongoza. Ndiyo maana AMBA, chombo cha London kinachothibitisha programu za MBA duniani, kinataka mwanafunzi awe na angalau miaka 3 ya kazi baada ya shahada ya kwanza. Ukimaliza digrii Julai na kuingia MBA Oktoba, utakaa darasani ukisikiliza watu wanasimulia matatizo ambayo wewe hujawahi kuyapata.

Suala la ithibati halihitaji maneno mengi. Hapa Tanzania chuo kikuu lazima kiwe kwenye orodha ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na usiangalie jina la chuo tu, angalia na programu yenyewe. Ukisoma nje au kwa mtandao na chuo cha nje, waulize TCU kabla ya kulipa kama shahada hiyo wataitambua. Kenya tume kama hiyo ni CUE. Zile beji za ithibati za kimataifa, AACSB ya Marekani (ya tangu 1916), EQUIS ya Ulaya na hiyo AMBA, ni vyuo vichache sana Afrika vyenye zote tatu; Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Cape Town ni kimojawapo. Kama mawazo yako ni kwenda kufanya kazi Johannesburg au Dubai, zitafute. Kama bosi wako yuko mtaa wa Samora hapa Dar na hana mpango wa kuhama, hatakuuliza.

Sasa omba kukaa darasani. Nilidhani watanifukuza. Nilipiga simu kwa mratibu wa programu, nikamwambia mimi ni mwombaji, naomba nisikilize kipindi kimoja, akasema njoo Alhamisi. Nilifanya hivyo kwa vyuo vitatu. Kwenye chuo cha kwanza mhadhiri alisoma slaidi kuanzia ya kwanza mpaka ya sitini, na kijana mbele yangu aliyevaa koti lenye milia ya kung'aa alilala hadi akadondosha kalamu. Kwa pili hapakuwa na mhadhiri. Wanafunzi walisema ni kawaida, wakatoka kwenda kula chipsi.

Kwa tatu mada ilikuwa gharama ya mtaji. Mama mmoja akanyoosha mkono, akasema yeye ana kontena la vigae bandarini, ushuru milioni 18 hana, demareji, yaani faini ya kuchelewesha kontena, dola 60 kwa siku, na kuna mtu yuko tayari kumkopesha kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Achukue au asubiri mteja wake alipe? Mhadhiri akafunga kompyuta yake, akampa chaki. Riba ya milioni 18 kwa mwezi ni laki tisa, kwa siku elfu thelathini. Demareji dola 60, tukaihesabu kwa shilingi 2,500, ni laki moja na nusu kwa siku, hapo storeji ya bandari hujaigusa. Darasa zima likapiga kelele: kopa! Mhadhiri akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na mteja asipolipa kabisa?" Tukaanza upya. Mimi mgeni, na bado nilibishana mpaka saa tatu kasoro. Nilichagua chuo hicho usiku ule, ndani ya bajaji.

Tazama pia nani amekaa kwenye viti. Waulize wanafanya kazi wapi. Mimi darasani kwetu nilipata mtu wa benki, mwalimu mkuu, mfamasia mwenye maduka mawili na yule mama wa vigae, ambaye mpaka leo mizigo yake natoa mimi.

Ila nilikosea mahali pawili, na chuo nilichosoma sitakitaja kwa sababu makosa mengine ni ya kwangu. La kwanza, niliamini kijitabu cha programu. Kiliorodhesha kozi ya hiari ya usafirishaji na ugavi, nikajua hii ndiyo yangu. Siku ya kujisajili tukaambiwa tuko wanne, kozi haifikishi idadi, chagueni masoko au rasilimali watu. Kwa hiyo usiulize mnafundisha nini. Uliza mwaka jana na mwaka juzi ni kozi zipi za hiari zilifundishwa kweli, na nani alizifundisha. Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili, siyo dawati la udahili.

La pili ni tasnifu, ule utafiti unaouandika mwishoni, na hapa naomba utulie, maana ndipo watu wanapozama. Vipindi utamaliza. Mitihani utafaulu, hata kama kuna sapu, mtihani wa kurudia, moja mbili. Halafu unakabidhiwa msimamizi, ratiba ya Jumanne na Alhamisi inakufa, na wenzako mnabaki kusalimiana kwenye kundi la WhatsApp. Sura yangu ya kwanza ilikaa kwa msimamizi miezi saba. Iliporudi ilikuwa na alama za kalamu nyekundu kurasa mbili za mwanzo, basi. Nilipewa msimamizi mwingine, akataka nibadilishe mada. Huku nyuma ada ya kuendelea kusajiliwa inadaiwa kila mwaka.

Hili unaweza kulipima kabla hujaingia. Vyuo hutangaza majina ya waliochaguliwa kila mwaka, na siku ya mahafali hutoa kitabu chenye majina ya wahitimu kwa programu. Tafuta orodha ya walioingia, kisha vitabu vya mahafali ya miaka miwili na mitatu baadaye. Linganisha. Nilipokuja kufanya hivyo kwa programu yangu, nikiwa nimeshakwama, walioingia walijaza ukurasa mmoja na nusu na waliohitimu kwa wakati hawakufika nusu ukurasa. Njia nyingine: vyuo vyetu vingi vina hazina ya tasnifu mtandaoni, bure. Fungua tano za MBA. Sura ya tatu mara nyingi itakwambia hojaji ziligawiwa mwezi gani. Jalada litakwambia mwaka wa kuwasilisha. Pengo likiwa la miaka miwili, mwandishi alikuwa anasubiri mtu. Na soma majina ya wasimamizi. Jina moja likijirudia kila mahali, ujue foleni yako itakuwa mlangoni kwa huyo huyo. Vyuo vingine vina MBA isiyo na tasnifu ndefu, unafanya mradi wa kampuni. Kama huna mpango wa kusoma PhD, ningeitazama hiyo kwanza.

Pesa. Usilinganishe ada kwa ada. Omba karatasi yenye jumla yote: usajili, mitihani, kitambulisho, usimamizi wa utafiti, joho. Uliza kama wanapokea kwa awamu ngapi na kama awamu ya pili ikichelewa unazuiwa kufanya mtihani. Mkopo wa mshahara niliochukua ulikuwa wa miaka mitatu, ukaisha kabla ya digrii.

Kwa wanaoota kwenda nje: vyuo vikubwa vya huko vingi vinataka GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara, ambayo sasa alama zake ni kuanzia 205 hadi 805 na zinadumu miaka 5. Mimi hapa sikuulizwa kabisa. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, unakubali MBA ya mwaka mmoja, lakini unadai saa 2,800 za kazi, unakutaka urudi nyumbani ukae miaka miwili, na kwa MBA una kikomo cha ada. Kinachozidi unatafuta mwenyewe. Kama huwezi kuacha kazi wala kukimbizana na jioni, uliza MBA za vipindi vya mkupuo, wiki moja moja, au Chuo Kikuu Huria, ambacho tangu kilipoanzishwa 1992 kazi yake ni watu wasioweza kufika darasani.

Ukishapata chuo, anza na transkripti ya digrii ya kwanza leo leo, siyo wiki ya mwisho ya dirisha la maombi. Wapigie wadhamini wako wawili, wale wa kukuandikia barua za mapendekezo, kabla hujaandika majina yao. Wangu mmoja alikuwa ameshastaafu yuko Songea, barua pepe ya ofisini haifungui, na fomu ikabaki inamsubiri yeye wiki tatu.

Kisha kaa na watu wa nyumbani mpange Jumanne na Alhamisi: nani anachukua watoto, nani anapika. Kwetu alipika baba watoto. Ugali wake ulikuwa mgumu kama kigae, na nilipoingia saa nne usiku ulikuwa umefunikwa sahani, unanisubiri.